Kuangalia ndege London: Myrtle Avenue, dirisha la hoteli Bath Road, au kando ya maji pale City Airport?

Kila ikifika mwezi wa tano hivi, meseji za aina moja zinaanza kuingia kwenye simu yangu. Mtu anatoka Dar au Nairobi anakuja London siku kumi, au anaishi hukuhuku Reading, Leicester, ila hajawahi kwenda, na ana mtoto ambaye akisikia mlio wa ndege anaacha hata chakula anakimbilia dirishani. Swali ni lilelile: nimpeleke wapi akazione vizuri? Akiingia mtandaoni anakuta majina matano sita, kila mtu anasifia pake, mwisho anabaki njia panda na likizo ya shule inaisha.

Basi wadau, naandika kuhusu sehemu tatu ninazozijua kwa miguu yangu, nimekaa kila moja masaa na masaa, kwenye jua na kwenye mvua. Mbili ziko Heathrow, ya tatu iko London City Airport, kale kauwanja kadogo kalikobanwa katikati ya mabwawa ya zamani ya meli mashariki mwa jiji. Sitakwambia ipi ndo bora kuliko zote kwa sababu kiukweli inategemea wewe ni nani, unakuja na nani na siku hiyo upepo unatoka wapi. Hilo la upepo ndo watu wengi hawaambiwi, na ndo linaharibu safari za watu wengi kuliko kitu kingine chochote.

Mi nimekulia Kipawa, jirani kabisa na uwanja wa Dar. Sisi ndege zilikuwa za kupungia mkono tu, kutoa kamera wala huwazi, kwetu viwanja vya ndege ni sehemu nyeti na askari akikukuta unapiga picha utajieleza vizuri. Hapa Uingereza kupiga picha ukiwa umesimama sehemu ya umma ni halali, na polisi wanaozunguka kando ya uwanja wameshazoea kuona watu wenye lenzi ndefu, wengine wanasimama kabisa wanauliza leo kumepita nini. Nasema hili mapema maana najua kuna mtu anasoma huku anaogopa. Usiogope, ila usiparamie uzio na usirushe droni, hiyo ni kesi.

Vitu vya kupima kabla hujachagua

Napima vitu vitano, na vyote vitano nitaviweka kwa kila sehemu. Kwanza ndege zenyewe, yaani aina gani zinapita na zinapita karibu kiasi gani. Pili upepo, sehemu hiyo inafanya kazi siku zote au siku zingine unakuta patupu. Tatu mwanga, kwa wale wa picha. Nne kufika na pesa. Tano mwili, maana mwili una mahitaji yake: choo, mvua, pa kukaa, mtoto akichoka inakuwaje.

Kwanza elewa upepo

Hapa naomba univumilie kidogo, ukishaelewa hii nusu ya kazi imeisha. Ndege inatua na kuruka ikiukabili upepo. London upepo mara nyingi unatoka magharibi, kwa hiyo Heathrow kwa takriban asilimia 70 ya mwaka ndege zinatua zikitokea mashariki, zinakatisha juu ya jiji, Big Ben ile pale chini, halafu zinashuka. Heathrow ina ranwei mbili sambamba, ya kaskazini ina mita 3,902 na ya kusini mita 3,658. Zikitumika kuelekea magharibi ya kaskazini inaitwa 27R na ya kusini 27L, 27 ni nyuzi 270 za dira yaani magharibi, na hizo herufi ni kulia na kushoto kwa rubani anayekuja kutua. Ukiliweka hilo kichwani, ramani zote za wapenzi wa ndege zinasomeka.

Sasa sikiliza, upepo wa magharibi ukiwepo ranwei moja inatumika kutua na nyingine kuruka, na ikifika saa 9 alasiri wanabadilishana. Sababu ni binadamu tu, kuna watu wanaishi chini ya njia hizo, kwa hiyo wanapewa nusu siku ya kupumzika kelele. Wiki inayofuata zamu inageuka, waliopumzika asubuhi wanapumzika jioni. Ratiba ya zamu hizo ya mwaka mzima ipo kwenye tovuti ya Heathrow, bure, na ni karatasi muhimu kuliko lenzi utakayonunua.

Upepo ukigeuka ukatoka mashariki, mambo yote yanapinduka. Ndege zinatua zikitokea magharibi, upande wa Windsor, na karibu zote zinatua ranwei ya kaskazini huku zinazoruka zikitumia ya kusini. Hiyo asili yake ni makubaliano ya miaka ya 1950 yaliyofanywa ili kijiji cha Cranford, ambacho kiko karibu sana na mwisho wa ranwei ya kaskazini, kisiumie na ndege zinazopaa juu yake. Makubaliano yalifutwa mwaka 2009 lakini barabara za chini zinazopeleka ndege kwenye ranwei zilikuwa zimejengwa kwa mpango huo, kwa hiyo mazoea yakabaki.

City Airport wana ranwei moja tu, upepo unabadilisha upande wa kutokea basi.

Myrtle Avenue, Heathrow

Ni mtaa wa kawaida wa nyumba za watu, na kwenye mwisho wake kuna kipande cha nyasi, hakuna geti wala tiketi. Unashuka treni Hatton Cross, laini ya Piccadilly, unatembea kama dakika kumi umefika.

Ndege: hapa ndo penyewe kama unataka ukubwa. Njia ya kutua 27L inapita mbele ya nyasi zile, chini kweli. Unaanza kuona taa nyeupe angani upande wa mashariki, imesimama kama haisogei, nyuma yake nyingine, nyuma yake tena nyingine, zimepangana kama shanga kwenye uzi. Wakati wa pilikapilika inapita moja kila dakika moja na nusu hivi, wakati mwingine chini ya hapo, kwa hiyo mtoto hapati hata muda wa kusema amechoka. Airbus ndogondogo za Ulaya zinapita fasta, tatu nne, halafu ghafla linakuja lile dude, A380, injini nne, mabawa karibu mita 80 kutoka ncha mpaka ncha. Linakuja kimya kwanza, unaliona linakua tu, kisha sauti inafika yote kwa mkupuo na kifua kinatetemeka. Unaona matairi 22 yananing'inia, unaona mpaka michirizi ya grisi kwenye vyuma vya miguu yake.

Halafu kuna kitu ambacho video hazikionyeshi. Ndege imeshapita, imeshatua, watu wameshusha kamera, zinapita sekunde kadhaa za ukimya, ndipo hewa iliyo juu yako inaanza kulia yenyewe, mluzi mwembamba halafu mpasuko mrefu, kama fundi anavyochana doti mpya ya kanga kupata vipande viwili. Ni vile vimbunga vidogo vinavyoachwa na ncha za mabawa, vinashuka taratibu mpaka karibu na ardhi. Matawi yanatikisika wakati upepo wenyewe haupo. Mara ya kwanza kusikia nilishtuka nikaangalia juu, nikakuta mzee mmoja Mwingereza aliyekaa kwenye kiti chake cha kukunja ananitazama anatabasamu, akaniambia hiyo ndo sababu bado naja.

Na kwa sisi watu wa Afrika Mashariki kuna raha ya ziada. Dreamliner ya Kenya Airways, 787-8, usajili wake unaanza na 5Y, inaingia Heathrow, na RwandAir nao wanakuja na A330. Siku moja nilimkuta dada wa Kisumu pale na wanawe wawili, mama yake alikuwa ndani ya KQ anakuja Uingereza mara ya kwanza maishani. Watoto wamesimama na simu mkononi wanafuatilia kale kandege ka njano kwenye Flightradar24, programu inayoonyesha ndege ziko wapi, kanakatisha Ufaransa, kanavuka bahari, kanazunguka juu ya Essex, mpaka dogo akapiga kelele "nyanya huyo!" na ndege ikapita mbele yao. Walipunga mikono wote watatu. Kisha wakaondoka mbio kurudi Hatton Cross, maana KQ inatumia Terminal 4 na hicho ni kituo kimoja tu mbele kwa treni, unamuwahi mgeni kabla hajamaliza uhamiaji.

Upepo: udhaifu wake mkubwa ndo huu. Pazuri tu pale ndege zinapotua 27L, yaani upepo wa magharibi na zamu iwe ya ranwei ya kusini. Zamu ikiwa ya kaskazini utaziona zinatua kwa mbali, huku moja moja ya Terminal 4 ikiletwa upande wako kwa vile ndo karibu na jengo lake, na zingine zinaruka 27L lakini zinaondokea upande wa pili, unaona migongo tu. Upepo wa mashariki ukivuma zinazoruka zinapita juu yako lakini zikiwa zimeshapaa zinakata kona. Nilishawapeleka wapwa zangu bila kuangalia ratiba, tumebeba maandazi na juisi, tukakaa masaa mawili tunaangalia majani. Mdogo wao mpaka leo ananikumbusha.

Mwanga: mzuri mno. Unakuwa kusini mwa njia ya ndege unatazama kaskazini, jua liko mgongoni sehemu kubwa ya siku. Simu ya kawaida inatosha kwa ndege kubwa, lenzi ndefu sana inakata mabawa.

Kufika na pesa: nauli ya treni tu. Usiende na gari, ni mtaa wa watu, maegesho ni shida na wakazi wana haki ya kuchoka na wageni.

Mwili: hakuna choo, paa wala duka palepale. Malizeni haja zote kabla ya kutoka mjini, bebeni maji, mkeka na kitu cha mvua. Takataka rudi nazo, nyasi zile zimebaki wazi kwa umma kwa sababu watu wanaziheshimu.

Dirisha la hoteli, Bath Road

Bath Road inapita kando ya Heathrow upande wa kaskazini na imejaa hoteli, ila inayojulikana zaidi na wapenzi wa ndege ni Renaissance, kwa kuwa vyumba vyake vya upande wa uwanja vinaitazama ranwei ya kaskazini moja kwa moja bila kizuizi. Unapobuku sema kabisa unataka chumba kinachoangalia ranwei, ghorofa za juu kama zipo. Usiposema unaweza kupewa cha upande wa pili ukaangalia paking.

Ndege: zikitua 27R unaziona zinagusa lami karibu mbele yako, ule moshi mweupe wa matairi unauona unaruka na kupotea. Zikiruka 27R unaona rubani anaingia kwenye mstari, anasimama, injini zinapandishwa, ndege inaanza kukimbia. Na nyuma ya hayo unauona uwanja mzima unavyoishi, magari ya mizigo, matrekta ya kusukumia ndege, foleni za kusubiri zamu. Kwa mtoto anayetaka kujua mambo yanaendaje, hii kitu inafundisha kuliko kuona matumbo ya ndege yakipita. Myrtle Avenue unaona ndege kwa sekunde kumi, hapa unaifuata dakika ishirini toka getini mpaka ipotee mawinguni.

Halafu kuna alfajiri. Heathrow usiku inatulia kwa sababu ndege za usiku zina kikomo kikali, lakini kuanzia kama saa 10 na nusu za alfajiri zinaanza kuingia zile za mbali, za Asia na za Afrika, zimelala angani usiku mzima. Uko kwenye shuka, pazia umeliacha wazi, taa zinashuka moja moja gizani. Mi hii naipenda jamani, sijui nielezeje. Ukiweza kuamka saa hiyo amka.

Upepo: ni bora kuliko Myrtle lakini si kinga kamili kama wengine wanavyodai. Upepo wa magharibi, zamu yoyote, una kitu cha kuangalia, kutua au kuruka. Upepo wa mashariki zinazotua zinagusa chini kulekule mbali upande wa Terminal 5, na zikifika usawa wa hoteli nyingi zimeshatoka ranwei au zinatambaa polepole, na zinazoruka ziko ranwei ya kusini, ng'ambo ya majengo. Bado utaona mengi ila si ule mzuka.

Mwanga: hapa ndo pagumu. Dirisha linatazama kusini, kwa hiyo jua linakupiga usoni, mchana wa majira ya baridi ndo balaa zaidi kwa sababu jua liko chini. Picha nzuri zinapatikana asubuhi na mapema au jioni, likiwa pembeni. Na unapiga kupitia kioo, dirisha halifunguki, kwa hiyo zima taa za chumbani, sogeza lenzi iguse kioo, tundika fulana nyeusi kuzunguka kamera ili chumba chako kisitokee kwenye picha.

Kufika na pesa: mabasi mekundu yanapita Bath Road kutoka stendi ya Heathrow Central. Gharama ni ya chumba cha hoteli, inapanda na kushuka kwa msimu na siku, linganisha tarehe kadhaa. Ujanja wa wengi ni kuunganisha na safari, kama una ndege asubuhi yake na ungelala karibu na uwanja hata hivyo, basi lala kwenye dirisha.

Mwili: hapa hakuna mpinzani. Choo kipo, birika la chai lipo, kitanda kipo, mvua inyeshe isinyeshe. Mama mjamzito, mzee wa magoti, mtoto mchanga, wote wanafaidi. Kitu kimoja tu, kioo ni kinene, kelele zinabaki nje, na harufu ya mafuta ya ndege pia inabaki nje. Kuna watu bila mngurumo hawajaona ndege, mimi ni mmoja wao, lakini mke wangu anasema huo ndo uzuri wenyewe wa pale.

Kando ya maji, London City Airport

Hii wengi hawaifikirii kwa sababu hakuna ndege kubwa. Uwanja ulifunguliwa mwaka 1987 kwenye kipande cha ardhi kati ya mabwawa mawili ya meli, Royal Albert kaskazini na King George V kusini, baada ya biashara ya meli pale kufa. Ranwei ina mita 1,508 tu, chini ya nusu ya zile za Heathrow. Ndo maana ndege lazima zishuke mwinamo mkali, nyuzi 5.5 badala ya 3 za kawaida, ili zisiguse majengo na zisimame mapema. Si kila ndege wala kila rubani anaruhusiwa, inabidi vyote viwe na kibali maalum cha kushuka hivyo.

Ndege: Embraer 190 kwa wingi, A220, na zile za pangaboi kama Dash 8. Ukubwa hakuna. Kilichopo ni tendo lenyewe. Unasimama kwenye njia ya watembea kwa miguu kando ya Royal Albert Dock, maji mbele yako, ng'ambo ya maji ndo ranwei, na ndege inashuka kama imeelekezwa ardhini, unajisemea hii leo haisimami, inagusa lami kwa kishindo, breki na injini za kurudisha nyuma zinaunguruma, imesimama. Kuruka nako ni hivyohivyo, rubani anabana breki, anapandisha injini mpaka mwisho, anaachia, na ndege inaondoka kama imetupwa na manati. Yote hayo yako usawa wa macho yako, wala hutazami juu. Zikitua kutokea magharibi unazipata na maghorofa ya Canary Wharf nyuma yake, na ukitaka zikupite kichwani nenda kwenye daraja la Connaught, mwisho wa magharibi wa ranwei.

Mwonyeshe mtoto mlingoti mwembamba wenye kamera juu. Huo ndo umechukua nafasi ya mnara. Tangu mwaka 2021 waongoza ndege wa pale hawapo pale, wako Swanwick, Hampshire, wanaangalia uwanja kwenye skrini. Wapwa zangu hawakuamini, wakaupungia mkono mlingoti.

Upepo: haijalishi, ranwei ni moja, kila ndege inapita mbele yako. Kinachojalisha ni saa. Ni uwanja wa watu wa biashara, kwa hiyo asubuhi na jioni za siku za kazi ndo kunachangamka, katikati ya mchana kunapoa, unaweza kukaa dakika kumi bila kitu. Na shika hili sana: kuanzia Jumamosi mchana mpaka Jumapili mchana uwanja umefungwa, hakuna ndege kabisa. Nimekutana na familia nzima pale Jumamosi jioni, wamebeba darubini, wanashangaa maji.

Mwanga: upande wa kaskazini unapigwa na jua mbele kama kule hotelini, isipokuwa jioni ndefu za mwezi wa sita na wa saba, jua linapozamia kaskazini-magharibi na kuzipaka ndege dhahabu kutokea nyuma yako. Mchana wa kawaida mwenye kamera ahamie upande wa kusini, North Woolwich, japo huko uzio na majengo vinaziba zaidi. Beba lenzi ya milimita 100-400 hivi.

Kufika na pesa: nauli tu. DLR, treni nyepesi za mashariki mwa London, inakushusha Royal Albert, Beckton Park au Cyprus, zote zina njia ya kufika majini. Ukitokea laini ya Elizabeth shuka Custom House ubadilishe.

Mwili: katikati. Njia ni pana na tambarare, kigari cha mtoto na kiti cha magurudumu vinapita bila shida, ila upepo wa majini unakata hata mwezi wa nne. Shika mikono ya watoto wadogo, maji yale ni marefu.

Jambo moja la kote

Watu watakushauri ununue redio ya kusikiliza marubani na mnara. Marekani ni ruksa, lakini Uingereza sheria ya mawasiliano ya mwaka 2006 hairuhusu mtu wa kawaida kusikiliza mawasiliano yasiyomhusu, hata kama utaona wengine wanafanya. Programu ya simu inayoonyesha jina la ndege, inakotoka na aina yake inatosha kabisa, na betri ya ziada.

Nani aende wapi

Una siku moja tu, hujawahi kabisa, na ratiba inaonyesha kutua kusini: Myrtle Avenue. Fika nusu saa kabla ya zamu kuanza, kama zamu ya kusini inaanza saa 9 alasiri utaona badiliko lenyewe, anga la kaskazini linapungua na la kwako linajaa.

Unampokea mtu anayekuja na KQ: Myrtle pia, kisha treni moja mpaka Terminal 4. Ikitua kaskazini utakuwa umeikosa, kwa hiyo angalia zamu kabla hujawaahidi watoto.

Una mzazi mtu mzima, au mtoto wa chini ya miaka mitatu, au ni mwezi wa kwanza na mvua ya baridi haikatiki: hoteli. Vilevile kama una safari kesho yake.

Mpiga picha mwenye kiu ya picha safi: Myrtle kwa ndege kubwa, City jioni ya kiangazi kwa picha zenye jiji ndani yake. Hoteli iwe chaguo la tatu kwako.

Mtoto anayeuliza maswali, kwa nini ile inasubiri, kwa nini hii imezunguka: hoteli kama mfuko unaruhusu, City kama hauruhusu. Myrtle kila kitu kinapita haraka mno kwa maswali yake.

Unaishi London mashariki, uko huru Jumatano jioni tu baada ya kazi: City, wala usihangaike kuvuka jiji zima.

Wikiendi pekee ndo unayo: Heathrow, mojawapo. City iwe Jumapili baada ya mchana.

Upepo wa mashariki wiki nzima, na hutokea hasa majira ya kuchipua: City iko palepale. Wenye gari huenda upande wa pili wa Heathrow, kule Poyle na Colnbrook ng'ambo ya barabara kuu ya M25, kuzipata zinazotua kaskazini, lakini bila gari sikushauri. Na kama upepo umegeuka ukiwa umeshafika Hatton Cross na watoto, usirudi nyumbani. Tandika mkeka Myrtle hivyohivyo, zinazoruka zitapita juu, za mbali zimejaa mafuta zinapanda taratibu kuliko zingine, na kwenye programu unawaonyesha ipi inaenda Nairobi.